Filtre ya Mwisho ya Mapadri

Juzi nilikuwa katika duka moja la vipuri kule Beni, nikinunua mafuta ya injini kwa ajili ya gari langu, ambalo nalo limezeeka. Kijana muuzaji aliweka bidon, yaani dumu la mafuta, mezani. Kabla sijajua ninachofanya, nilikuwa nimeipindua kichwa chini, nimekwaruza mzingo wa kizibo kwa ukucha, nimeifungua, nimeinusa, na tone moja lilikuwa tayari kati ya vidole vyangu nikilisugua huku nimefumba macho. Kijana akakunja uso.

"Mama, unaniona miye mwizi?"

"Apana, mwanangu, haiko weye," nilimwambia. "Ni mambo ya papa yangu."

Hakunielewa, na sikuwa na nafasi ya kumweleza, maana harufu ile ilikuwa imeshaniondoa pale dukani na kunirudisha Butembo, nyuma ya nyumba yetu, penye karai la bati na mwanamume aliyeinama.

Wenzangu mliokulia Butembo wakati wetu mnajua jinsi tulivyolelewa katika mashaka. Kila kitu kilikuwa na cha kweli na cha bandia: betri za tochi, dawa za malaria, vitenge, hata mbegu za kabichi. Mama zetu walinunua chumvi wakiionja. Watu walisalimiana kwa adabu zote, wakaulizana habari za watoto na za shamba, halafu wakageuza noti kwenye mwanga mbele ya aliyewapa. Hakuna aliyekasirika, maana naye angefanya vilevile. Na katika mji huo wa watu wasioaminiana, papa yangu aliwashinda wote.

Papa alikuwa dereva. Kwa miaka mingi aliendesha magari ya wengine, na kila taa iliyovunjika, kila gurudumu lililopasuka, lilihesabiwa kuwa kosa lake. Hakulisahau hilo. Siku alipofanikiwa kununua kamioneti yake mwenyewe, kwa akiba yake na ya Mama, kutoka misheni moja ya mapadri upande wa Masereka, aliweka mkono juu ya Biblia ya nyumbani na kuapa mbele yetu kwamba hatashika tena usukani wa gari la mtu mpaka afe. Mama alimwambia Biblia si ya kuapia magari. Papa akasema ameshaapa.

Gari lenyewe tuliliita Mukekulu, yaani bibi kizee kwa Kinande chetu, na jina lilimfaa. Alikuwa mzee kuliko ndoa ya wazazi wangu. Alikohoa asubuhi, alitoa moshi mweusi mlimani, na milango yake ilifungwa kwa kamba. Lakini alishuka Kyavinyonge ziwani na kupanda tena na samaki wa Mama, na siku za soko la Musienene alirudi na maharage na viazi. Tulichokula, tulichovaa, na daftari zangu za shule, vyote vilitoka mgongoni mwake. Nilijua tangu mdogo kwamba injini ile ikifa, Papa atarudi kuwa mtumishi wa watu. Hakuna aliyenificha jambo hilo. Lilizungumzwa mezani kama tunavyozungumzia mvua.

Kwa hiyo Papa aliilinda injini hiyo kwa macho, pua na vidole. Jumamosi asubuhi, ikifika zamu ya kubadilisha mafuta, alinishika mkono tukaenda kuzunguka maduka. Alinichukua mimi, Masika, binti yake wa kwanza, kwa sababu aliamini pua ya mtoto haijaharibiwa na tumbaku wala moshi.

"Masika, nusa. Inanuka nini?"

Sikujua mafuta ya injini yanapaswa kunuka nini. Nilichojua ni uso wake. Nyusi zikiwa zimepanda, nilisema inanuka kuungua, na tukaondoka na muuzaji akitutukana kwa upole. Nyusi zikiwa zimetulia, nilisema inanuka vizuri. Papa alitaka yale mazito tu, yanayoitwa quarante, yaani arobaini. Alisema vyuma vya injini ya zamani vimeshaachana kidogo kama meno ya mzee, na mafuta mepesi yanapita katikati bila kufanya kazi. "Mukekulu hanywake maji ya mutele," aliwaambia waliojaribu kumuuzia mepesi, yaani hanywi maji ya wali.

Tukifika nyumbani aliyamimina yote hadi tone la mwisho, kisha akachukua msumari na nyundo na kuitoboa bidon tupu huku na huku. Hofu yake ilikuwa kwamba akiitupa nzima, mtu ataiokota, ataijaza mafuta yaliyotumika, ataibandika kizibo kipya, na siku moja atamuuzia yeye mwenyewe. Majirani hawakumpenda kwa jambo hilo. Bidon nzuri nzima ilikuwa mali jikoni.

"Papa Masika, sasa shiye tutaweka mawese mu nini?" mama mmoja wa jirani alilalamika.

"Mutaweka mu chupa," Papa alimjibu, akaendelea kupiga msumari.

Mafuta, basi, alinunua kwa mashaka. Filtre, yaani chujio la mafuta hayo, hakununua kabisa. Mukekulu alikuwa wa namna ya zamani, ambayo filtre yake si kopo la kufunga na kutupa kama za siku hizi. Kulikuwa na bakuli la chuma ubavuni mwa injini, na ndani yake mnakaa karatasi nene iliyokunjwakunjwa kama sketi ya shule, ndiyo inayozuia uchafu. Mapadri walipotuuzia gari walitupatia pamoja nalo katoni ya karatasi hizo, walizoletewa kutoka Ulaya. Papa aliamini kwamba hizo peke yake ndizo za kweli katika Kivu nzima. Sisi tulikuwa Waprotestanti kutoka babu na bibi, babu yangu alikuwa mzee wa kanisa, na Papa hakukubali kuingia hata kwenye misa ya harusi, alisimama mlangoni tu. Lakini kwa habari ya filtre alikuwa Mkatoliki kabisa. Mama alimcheka, akiwaita mapadri bapère kama wote pale mjini: "Papa Masika, ukikufa, banakuzika ku bapère, na filtre yako juu ya kifua."

Duka alilorudia mara nyingi lilikuwa la Madame Kavira, mwanamke mnene, mcheshi, aliyekaa benchi la mbele katika parokia yake na kumiliki pia magari kadhaa yaliyokwenda Beni na kurudi. Papa alisema mafuta ya Madame Kavira yana mashaka machache kuliko ya wengine. Hiyo ndiyo sifa kubwa kabisa niliyowahi kumsikia akimpa mfanyabiashara. Madame Kavira aliuza pia zile filtre za karatasi, na kila mara alijaribu.

"Chukua hii, Papa Masika. Inatoka Kampala. Njo ile batu bote banaweka."

Papa aliinua karatasi ile kwenye mwanga, akaigonga, akaibonyeza kwa kidole gumba. "Hii ni karatasi ya kufungia mukate. Batu bote banaweka, na batu bote banaua moteur," alisema, yaani wanaua injini.

"Na ile ya bapère ikiisha, utafanya je? Utaifuata ku Roma?"

Wateja walicheka, nami nikacheka, kisha nikaona Papa hacheki nikaacha. Katoni ilikuwa kweli inaisha.

Na sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ilikuwa kiangazi, mchana, Mama yuko sokoni. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikitafuta kuku aliyekuwa anataga mafichoni, nikamkuta Papa amechuchumaa mbele ya karai la bati. Ndani ya karai kulikuwa na mazutu, yaani dizeli, na ndani ya mazutu alikuwa anaosha ile karatasi iliyokunjwakunjwa, akipitisha vidole katika kila kunjo taratibu. Kisha akaitoa akaianika juu ya bati la choo. Akaacha karai litulie. Akaliinamisha kidogo, akamwaga kile cheusi cha juu polepole, akazungusha kilichobaki, akamwaga tena. Alikuwa ameinama hadi pua karibu iguse. Nikanyata nikachungulia juu ya bega lake, na chini ya karai nikaona vumbi la njano linametameta juani.

Niambieni, mtoto wa Butembo mwenye akili timamu angefikiri nini? Nilikuwa nimeshaona wachimbaji, waliporudi kutoka msituni, wakiosha mchanga wao kwenye karai vilevile, wakizungusha vilevile, wakimwaga vilevile. Katika mji wetu neno "or", yaani dhahabu, lilisemwa kwa sauti ya chini kuliko neno lolote, na nyumba za ghorofa zilizoota kama uyoga zilielezwa kwa neno hilo tu. Halafu Papa akatoa mfukoni sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu, akaipitisha juu ya lile vumbi. Vumbi halikushikwa. Papa akatikisa kichwa, na mimi moyo ukaniruka, kwa sababu hata watoto wa darasa la kwanza walijua kwamba dhahabu ya kweli haishikwi na sumaku.

Alilikusanya kwa ncha ya kidole akalitia kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Alipogeuka akaniona.

"Masika. Enda usaidie mama yako ku soko." Kisha, kwa sauti nyingine: "Na hapana kumwambia."

Nilienda sokoni nikiwa tajiri. Njiani nilipiga hesabu zangu na zilikaa sawa kabisa. Barabara za Lubero zina dhahabu, kila mtu anajua. Gari linavuta vumbi la barabara. Vumbi linaingia kwenye injini, na filtre ya mapadri inalikamata. Ndiyo maana Papa hakutaka ile ya Kampala, ambayo ingeacha dhahabu yote ipite. Na hatimaye nikaelewa kwa nini mapadri walitoka mbali namna ile kuja kuishi kwenye baridi ya Masereka.

Furaha haikudumu, kwa sababu swali lilinifuata: kwa nini Mama asiambiwe? Nilimtazama pale mezani kwake, mikono imejaa magamba, kitenge kimeoshwa hadi maua yamepotea, akibishana na mteja kwa ajili ya samaki mmoja mdogo. Nikaanza kumshuku Papa. Kuanzia siku ile nilimfuata kwa macho. Nilijua kichupa kinakaa kwenye mfuko wa ndani wa koti lake la kanisani. Nilijua karatasi ile haitupwi tena, inaoshwa na kuanikwa na kurudishwa, kwa kuwa ndiyo ya mwisho. Kila alipoiosha nilitafuta sababu ya kupita, na kila mara vumbi la njano lilikuwa limezidi. Ajabu ni kwamba kadiri lilivyozidi, Papa alizidi kunyamaza. Aliacha kutania. Chakula alikisogeza kando. Nilijiambia kwamba ndivyo walivyo wenye dhahabu, wanaogopa watu wenye silaha, na mimi nami nikaanza kuogopa. Mtu yeyote mgeni akisimama njiani kutazama nyumba yetu, nilikimbilia ndani kufunga mlango.

Mama naye hakuwa mjinga. Jumapili moja, akipiga pasi lile koti, aliingiza mkono.

"Papa Masika, hii ni nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nani?"

"Ya Mukekulu."

Mama alikirudisha kichupa mfukoni kama mtu anayerudisha nyoka. Nilikuja kujua baadaye alichofikiri. Alifikiri mumewe, mtoto wa mzee wa kanisa, amekwenda kwa mganga kutafutia gari kinga. Siku ile kanisani aliomba kwa sauti, akitaja mambo ya giza yanayoingia katika nyumba za waaminio, na Papa alisema amina bila kujua anaombewa yeye. Tulikaa hivyo katika nyumba moja, watu watatu tukizunguka kichupa kimoja, kila mmoja na hofu yake, na hakuna aliyemuuliza mwenzake waziwazi. Hata leo nikikumbuka nakasirika.

Mwishowe Papa alimpata mkosaji. Jumamosi moja alinishika mkono kwa nguvu kuliko kawaida, tukaenda moja kwa moja kwa Madame Kavira. Duka lilikuwa limejaa. Hakusalimu, alianza moja kwa moja kuyashitaki mafuta yake.

"Madame, huile yako iko nakula moteur yangu."

Madame Kavira alikuwa anakata kipande cha muhogo. Akaweka kisu chini. "Huile ile ile mi naweka mu magari yangu, Papa Masika."

"Bongo, unadanganya. Ya magari yako ni ingine. Shiye unatuuzia iliyotumika, ya kuchemusha. Weye ni mwizi."

Katika Butembo unaweza kugeuza noti ya mtu, unaweza kunusa bidon yake, lakini neno lile halisemwi mbele ya wateja. Madame Kavira hakupiga kelele. Alisimama, akachukua filtre moja mpya rafuni, akaiweka mezani pamoja na kisu chake.

"Bon. Lete ile ya bapère. Tuzipasue zote mbili hapa, mbele ya hawa batu, tuangarie."

"Filtre yangu hapana kuguswa na mutu."

"Mutu asiyependa tuangarie, kuna kintu anaficha."

Niliona hakika kwamba Madame Kavira anajua habari ya dhahabu, na kwamba ukali wake wote ni wivu. Nilimvuta Papa mkono tuondoke, na kwa mara ya kwanza alinitii. Mafuta alikwenda kuyanunua kwa mtu mwingine, bila hata kuniambia ninuse.

Likizo ilipofika, Mama alinichukua nishuke naye Kyavinyonge. Napenda kukumbuka asubuhi ile: hewa ya joto iliyopanda kutoka ziwani, mitumbwi inayoegeshwa, wanawake waliofunga kanga zao juu wakibishania tilapia zinazorukaruka. Mama alinunua vizuri kuliko kawaida, vikapu vikajaa nyuma ya Mukekulu, na tukaanza kupanda mlima, sisi watatu mbele, jua bado changa.

Tulikuwa tumepita kona za kwanza niliposikia sauti, ko-ko-ko-ko, kama mtu anayebisha mlango kutoka ndani ya injini. Papa akapunguza mwendo. Sauti ikawa nzito zaidi. Alianza kuongea na gari kwa Kinande, kwa sauti ya chini, maneno ya kumbembeleza bibi. Taa nyekundu ikawaka. Ikapigwa kelele moja ya chuma, usukani ukamtetemeka mikononi, na Mukekulu akasimama katikati ya mlima. Mama alishuka haraka kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Papa alibaki amekaa. Alijaribu ufunguo, injini haikugeuka hata kidogo. Ilikuwa imeshikana.

Jua lilipanda. Inzi waliwafikia samaki kabla ya mtu yeyote kutufikia sisi. Mama alizunguka gari mara mbili tatu, akafunua vikapu, akafunika, kisha akaja dirishani.

"Papa Masika, tufanye je?"

Papa alikuwa analia, na sikuwahi kumwona akilia. Nilishindwa kuvumilia. Nilifikiri kwamba hata sasa, samaki wanaoza na Mama amesimama juani, mtu huyu bado anabana mali yake. Nilipiga kelele aitoe dhahabu:

"Papa, tosha or yako! Tosha ile or, tununue gari ingine!"

Mama aligeuka polepole. "Or gani?"

"Iko mu kichupa. Mu veste. Nimeiona, anaoshaka filtre, inatoka or."

Sasa Mama alimtazama Papa, na usoni mwake kulipita mambo mengi, mengine ya kutisha. Papa aliingiza mkono kwenye koti la kanisani lililotundikwa nyuma ya kiti, ambalo siku hizo hakuliacha nyumbani, akampa kichupa. Mama akakiinua juani. Kilikuwa kimejaa zaidi ya nusu, na kilimetameta vizuri mno.

"Ingekuwa or," Papa alisema, "ningekuwa hapa? Ni byuma bya ndani ya moteur, Mama Masika. Kuna bile bya rangi ya shaba, injini inazungukia mu ile. Biko nakulana. Nilikuwa naangaria kila mara kama inazidi."

"Ikazidi?"

"Ikazidi."

"Na ukanyamaza."

"Ningekuambia nini? Kama ni huile mubaya, nilikuwa natafuta huile muzuri."

Alishuka, akafungua kapo, yaani boneti, akalegeza bakuli la chuma ubavuni mwa injini, akaitoa ile karatasi ya mapadri. Nilisogea nione. Ilikuwa imeoshwa mara nyingi hadi imelainika kama daftari lililonyeshewa. Kunjo moja lilikuwa limepasuka toka juu hadi chini. Papa alipitisha kidole, na kidole kikatokea upande wa pili. Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Vile vyuma vyote, na mchanga, na uchafu wote, vilikuwa vinapita pale na kuzunguka tena ndani ya injini, siku baada ya siku, huku yeye akizunguka maduka akinusa mafuta ya watu.

Mama aliichukua akaitazama.

"Donc Madame Kavira haikukuwa mwizi," alisema.

Papa alifunga kapo taratibu. Mimi nilikaa kando ya barabara nikalia kwa uchungu, na nitasema ukweli: sikumlilia Mukekulu, wala samaki, wala Papa. Niliililia dhahabu. Nilikuwa nimeshajenga nyumba nayo.

Wanawake wa kijiji cha juu walishuka na visu na chumvi. Mama akakaa nao chini, wakapasua samaki wote pale pale na kuwatia chumvi kabla hawajaharibika, na akawaachia sehemu yao. Jioni lori moja likatuvuta hadi Butembo. Fundi alifungua injini siku ya pili, akatuonyesha nguzo ya chuma iliyokwanguliwa, akasema hakuna la kufanya. Mukekulu alisukumwa hadi pembeni ya uwanja wetu. Kuku wakaanza kutagia ndani yake.

Papa alilima msimu mzima kwenye shamba la wajomba huko Musienene. Alilima vibaya, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Mama aliendelea kushuka ziwani kwa magari ya wengine, akirudi amechoka na nusu ya samaki wake. Jioni moja akamwambia, bila ukali, wakati anachagua maharage:

"Madame Kavira iko na gari bila chauffeur."

Papa, dereva aliyekuwa ameapa, aliendelea kula. Nilidhani hakusikia. Lakini Jumamosi alinyoa ndevu, akavaa lile koti, akanishika mkono. Sijui kwa nini alinichukua. Labda alihitaji kushika mkono wa mtu.

Duka lilikuwa limejaa kama siku ile. Angeweza kusubiri wateja watoke, na nilimwomba Mungu asubiri. Hakusubiri. Alivua kofia akasimama mbele ya meza.

"Madame, nilikuita mwizi mbele ya batu. Mbele ya batu tena, nakuomba pardon. Ile filtre ilipasuka. Ni miye mwenyewe niliiharibu, kwa kuiosha."

Madame Kavira hakutabasamu. Alimtazama, akanitazama mimi, akafungua droo na kuweka funguo juu ya meza. Mkono wake ulibaki juu ya funguo.

"Gari ya kuenda Beni iko. Mais sikia muzuri, Papa Masika. Huile, ni batu bangu banaweka. Filtre, ni batu bangu banabadirisha, za Kampala. Weye utashika volant tu, utaendesha. Kapo, hapana kufungua. Siku utafungua kapo ya gari yangu, unaleta funguo hapa."

Watu waligeuza nyuso. Hata wale waliomchukia Papa kwa kunusa mafuta yao walitazama chini. Nilisubiri ajibu. Papa niliyemjua angeuliza mafuta gani, yametoka wapi, nani aliyaona yakifunguliwa. Nilikuwa hata nimeshavuta pumzi kwa ajili yake.

"Ndiyo, patron," alisema, kama alivyowaita mabosi wake wa zamani, akazichukua funguo.

Nilimchukia Madame Kavira siku ile kwa moyo wangu wote wa mtoto, na kilichoniumiza zaidi ni kwamba nilitafuta kosa lake njia nzima hadi nyumbani, na sikuliona.